Mama Yake Riziki Alikuwa Ndani ya Mashine

Vumbi likipashwa moto lina harufu yake. Si harufu ya moshi, wala ya nguo iliyoungua kwa pasi. Ni harufu kavu, tamu kidogo, inayokaa nyuma ya pua kama chafya iliyokataa kutoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikijaza ofisi ya Papa, baba yangu, kule Nyawera kila umeme uliporudi na kompyuta yake kuanza kunguruma. Papa aliondoa kwanza kitambaa cheupe ambacho Maman alikifuma kwa mkono ili kuifunika, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kabati, kisha akabonyeza swichi na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyebisha hodi kwa watu asiowafahamu vizuri. Mvua ilikuwa ya msimu mrefu, mvua ya Bukavu isiyo na haraka, na vijia vya Kadutu tulikoishi viligeuka utelezi wa kushuka kwa makalio. Shule zilikuwa zimefungwa kwa mgomo wa walimu. Nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano asiye na darasa, kwa hiyo kila asubuhi niliteremka na Papa hadi ofisini, nikakaa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha nikinusa vumbi lile.

Papa alikuwa karani katika ofisi ndogo ya kanisa iliyoandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Kabla ya hapo watu walikuwa wamevuka mto Ruzizi kutoka ng'ambo wakikimbia vita, wakajaa kwenye viwanja vya shule, kandokando ya barabara, hadi kwenye ngazi za makanisa. Katika msukumano ule mikono iliachiana. Kila mtoto aliyeokotwa peke yake aliandikiwa karatasi moja tuliyoiita fiche: jina kama analijua, jina la mama, jina la baba, kilima alikotoka, alama ya mwili. Papa alizichapa fiche hizo moja baada ya nyingine kwenye kompyuta kwa vidole viwili, ili orodha zikitoka kambi nyingine zenye majina ya wazazi wanaotafuta watoto, aweze kulinganisha. Alipenda kusema, "Mali bila daftari huisha bila habari," na sauti yake ilionyesha kwamba mali aliyoizungumzia haikuwa fedha.

Riziki alikuwa mmojawapo wa watoto hao. Aliletwa na bibi mmoja aliyemwokota njiani, mwanamke mwenye miguu iliyovimba. Alikuwa jirani ya mama mtu, na yeye ndiye aliyetaja yote: jina la mama, jina la kilima, kovu la moto juu ya kiwiko cha kushoto. Papa aliandika. Wiki mbili baadaye bibi yule alifariki kwa kuhara, kama walivyofariki wengi, na Papa akamleta mtoto nyumbani kwetu "kwa siku chache". Alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Hakujua jina la mama yake. Nani anajua jina la mama yake akiwa na miaka minne? Mama ni Mama. Hata la kwake mwenyewe hakulitaja. Bibi alimwita Kadogo, Maman akamwita Riziki, naye akaitikia yote mawili bila upendeleo.

Ili asilie, Papa alimwambia jambo ambalo nadhani alilijutia baadaye. Alimwambia kwamba mama yake ametunzwa salama ndani ya mashine. Basi Riziki alipokuja nasi ofisini aliisalimia kompyuta. Feni yake ilipoanza kuzunguka, alisimama akisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Papa, mama ameshaamuka?"

"Ameamuka, Riziki. Iko nakusalimia."

Watoto wa kwetu Kadutu walipata habari hiyo, na watoto hawana huruma. Pale bombani walimwimbia: "Wee Riziki, mama yako iko mu machine! Courant ikikatika, anakufa!" Na kwa kuwa umeme ulikatika karibu kila siku, kila ulipokatika Riziki alinitazama usoni kuona kama imeshatokea.

Tatizo lilianza pale kompyuta ilipojaa. Ilikuwa mashine ya zamani, ilifika kwetu ikiwa tayari imetumiwa na wengine, na diski yake ya ndani, lile sanduku dogo la chuma linalotunza maandishi yote, ilikuwa ndogo mno. Papa akichapa fiche mpya, mashine ilikataa kuihifadhi. Disketi za kunakilia zilikuwa zimekwisha zamani, na zile za zamani zilikuwa zimeota ukungu. Aliandika barua kwa wafadhili, na baada ya miezi wafadhili wakatuma diski ya pili, kubwa zaidi, iliyotolewa kwenye mashine yao nyingine. Pamoja nayo fundi wao aliweka maelekezo ya kuifunga, hatua kumi, kwa mwandiko wa wino wa buluu. Bahasha ilikuwa imelowa njiani. Papa alinipa karatasi ile niinakili upya kwa herufi safi kabla wino haujatoweka. Niliinakili mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkono uliteleza. Ndiyo maana niliijua kwa moyo. Hatua ya nne: diski ya zamani iwe ya kwanza, ile mpya iwe ya pili. Hatua ya saba: ya kwanza itaitwa C, ya pili itaitwa D. Hatua ya nane: futa D yote, kwa sababu ina mambo ya mwenyewe wa zamani. Hatua ya tisa: nakili yaliyomo kwenye C uyaweke kwenye D, ili kila jina liwe na mahali pawili.

Papa alizipenda sana hatua hizo. Lakini mkuu wa ofisi, ambaye wote tulimwita Papa Directeur, alipenda zaidi habari kwamba diski imefika. Ofisi ilikuwa imejaa maboksi ya fiche, na yeye aliyachukia kwa sababu yalimfanya apite ubavu kuingia chumbani mwake. Siku mbili baada ya diski kufika, kabla haijafungwa, aliamuru maboksi yatolewe. "Machine haisahau," alisema. "Karatasi ndiyo inasahau." Mlinzi aliyabeba kichwani hadi soko la Kadutu, akawauzia akina mama wa karanga. Wakati ule karatasi nyeupe haikuwa kitu cha kutupa. Kila barua ya serikali, kila daftari la shule, iliishia kukunjwa mfano wa pembe na kujazwa karanga. Papa alipouliza maboksi yako wapi, yalikuwa yameondoka asubuhi. Alikaa kitini. Kisha akasema, kama mtu anayejituliza mwenyewe, kwamba si kitu, Jumamosi tutafunga diski ya pili na majina yatakuwa na nyumba mbili.

Jumamosi ile umeme ulikuwepo tangu alfajiri, jambo tuliloliona kuwa ishara njema. Papa alichomoa waya, akagusa chuma cha dirisha kama karatasi ilivyoagiza, akafungua skurubu nne nyuma ya sanduku na kulivua gamba lake. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu, laini kama majivu ya makaa. Nafasi ya diski ya pili ilikuwepo, lakini ilikuwa pana kupita diski yenyewe, na vishikizo havikutumwa. Papa alikuwa amejiandaa: alikata vipande viwili vya bati kutoka kopo la mafuta ya msaada, akavikunja, akavitoboa kwa msumari. Diski ikakaa barabara. Kisha utepe mpana wa nyaya, wenye mstari mwekundu ubavuni, ambao ulipaswa kuziunganisha diski zote mbili. Kisha plagi ya umeme ya pembe nne. Riziki alikuwa amechuchumaa chini ya meza, na alipoona tumbo la mashine liko wazi alinong'ona, "Yaya, mama haoni baridi?" Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyoniita. Nilimwambia anyamaze.

Kilichobaki kilikuwa kidaraja. Nyuma ya kila diski palikuwa na vijiti vidogo kama meno, na kipande cheusi cha plastiki, kidogo kuliko nusu ya haragwe, kilichounganisha vijiti viwili. Mahali kilipokaa ndipo diski ilipojua kama ni ya kwanza au ya pili. Vidole vya Papa vilikuwa vinene, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekishika kati ya kucha mbili pale Papa Directeur alipoingia, amevaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu wageni wa wafadhili walitarajiwa Jumatatu naye alikuwa anajizoeza.

"Ya bageni ni ile gani?"

Papa akamwonyesha.

"Na inakaa ya ngapi?"

"Ya pili, Directeur. Ya zamani iko ya kwanza. Karatasi njo inasema vile."

Papa Directeur alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mufadhili anakutumia kitu kubwa, kitu muzuri, na wewe unamukalisha nyuma ya kile kikuukuu? Jumatatu watauliza, diski yetu iko wapi? Utajibu nini, iko jikoni? Kwenu mugeni akikuja unamukalisha jikoni?"

"Lakini Directeur, karatasi..."

"Karatasi! Karatasi njo inakulipa?"

"Hapana, Directeur."

"Na mimi?"

Hakuna aliyekuwa amelipwa tangu miezi kadhaa. "Na wewe pia hapana, Directeur," alisema Papa kwa upole, na hata mlinzi mlangoni akaangua kicheko. Papa Directeur naye akacheka, safari hii kweli, akampiga Papa begani, na kwa kicheko kile mambo yakaisha. Mtu aliyecheka nawe huwezi kuendelea kumpinga. Isitoshe kulikuwa na haki ndani ya maneno yake. Kwetu mgeni hukaa kiti cha mbele, mwenye nyumba akasogea. Papa mwenyewe alinilea hivyo. Aliniambia nibadilishe vidaraja, mgeni awe wa kwanza na mwenyeji wa pili, nami nikavibadilisha kwa kucha zangu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia la mkuu. Papa aliwasha mashine kwa disketi iliyotumwa pamoja na diski, akaingiza namba zilizoandikwa kwenye lebo za diski, nami nikamsomea hatua kwa sauti. Zote mbili zilionekana. Papa alipumua. Nikasoma hatua ya saba: ya kwanza itaitwa C, ya pili itaitwa D. Nikasoma hatua ya nane: futa D yote. Na hapo, kati ya neno D na neno yote, kitu kilinigusa kifuani. Kama mgeni sasa ni wa kwanza, basi mgeni ni C. Kama mgeni ni C, basi D ni nani?

Nilinyanyua kidole, kama darasani. Nakumbuka hata kidole chenyewe, kilikuwa na vumbi la kijivu kwenye kucha. Papa hakuniona, alikuwa akichapa. Papa Directeur aliniona. Hakusema neno kali. Alisema tu, "Nsimire, batu bakubwa wako mu kazi," na akatabasamu. Nikashusha kidole. Nilijiambia kwamba Papa anajua. Nilijiambia kwamba mimi ni mtoto wa darasa la tano, na fundi wa wafadhili, na Papa, na Papa Directeur, hawawezi wote kukosea nikawa mimi peke yangu niliyeona. Mashine ikauliza, kwa Kifaransa, kama kweli tunataka kupoteza kila kitu kilichomo ndani ya D, ndiyo au hapana. Papa alisimamisha kidole juu ya herufi. Nadhani hata yeye kitu kilimgusa, lakini labda nadhani hivyo kwa sababu nampenda.

"Andika oui," alisema Papa Directeur. "Si takataka ya benyewe tu?"

Papa akaandika O. Namba zikaanza kupanda pembeni mwa kioo: moja kwa mia, mbili kwa mia. Zilipanda polepole mno. Nimezifikiria namba zile kuliko kitu kingine chochote maishani. Ningesema zikiwa tatu? Zikiwa kumi na tisa? Zilipofika hamsini Riziki alitoka chini ya meza, akaweka kiganja kwenye ubavu wa sanduku, akasema, "Inatetemeka." Zikafika mia. Papa akafungua C ili aanze kunakili majina, akakuta barua za watu asiowajua na mchezo wa karata. Akafungua D. Hapakuwa na kitu. Akafungua tena. Akazima mashine, akaiwasha, akafungua tena, kisha akanyoosha mkono bila kunitazama na kuomba ile karatasi, akaisoma kuanzia hatua ya kwanza. Papa Directeur aliuliza, "Iko nini?" Papa alichukua kitambaa cha Maman juu ya kabati akaifunika mashine, ingawa sanduku lilikuwa bado wazi na skurubu zilikuwa bado kwenye sahani.

Mchana huohuo tulipanda Kadutu, Papa, Maman na mimi, Riziki mgongoni mwa Maman, kutafuta karatasi. Ungetuona ungecheka. Tulipita kwa kila mama wa karanga, tukamwomba atuonyeshe pembe zake. "Papa, unanunua karanga ao unanunua papier?" aliuliza mmoja, na wenzake wakashika mbavu. Maman alimweleza kwa sauti ya chini. Kicheko kikakoma, na yule mama akamimina karanga zake zote kwenye ungo, akatukabidhi karatasi bila kudai chochote, kisha akapiga kelele kwa wengine kwa lugha yao ya Kimashi, nao wakafanya vivyo hivyo. Tulipata fiche nyingi kuliko tulivyotumaini na chache kuliko zilizohitajika. Nyingine zilikuwa zimeuzwa tangu siku mbili, zimeliwa na kutupwa kwenye mifereji, na mvua ilikuwa imepita juu yake. Jumapili baada ya misa tulikwenda tena, tukainamia mifereji yote ya kuteremka. Fiche ya Riziki hatukuiona. Nilipata kipande kimoja chenye maneno "kovu, kiwiko", nikakimbia nacho kwa Papa, lakini kiwiko kilikuwa cha kulia na mtoto alikuwa mvulana.

Orodha za wazazi ziliendelea kuja. Jioni Papa alizisoma mezani, akasimama kwenye kila jina la mwanamke anayetafuta msichana wa miaka minne. Jina la kilima alilikumbuka. Kovu lilikuwa mbele yake likila bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Lakini jina la mama, katika mamia aliyoyachapa, lilikuwa limemtoka. Kuna orodha moja iliyokuwa na wanawake watatu wa kilima kilekile, kila mmoja akitafuta binti. Ofisi iliwaandikia wote. Mmoja alijibu kwamba wake alikuwa na mwanya na hakuwa na kovu. Wawili hawakujibu, kwa sababu kambi yao ilikuwa imeshavunjwa, na muda si mrefu vita vilivuka hadi kwetu, na nchi yenyewe ikabadilishwa jina. Riziki aliacha kuisalimia kompyuta bila kuambiwa na mtu. Siku moja aliniuliza, "Alikufa siku ile ulishika kile kidogo cheusi?" Nikasema hapana. Akasema, "Sawa, Yaya."

Maji yakimwagika hayazoleki: ndivyo Papa alivyosema siku Papa Directeur alipoitoa diski ya zamani, iliyokuwa tayari tupu na isiyo na faida, na kumpa mtu wa Nyawera aliyenunua vyuma. Tangu ichomolewe kwenye mashine ilikuwa imekaa kwenye rafu miezi saba. Niliamini methali hiyo hadi mwaka wangu wa tatu wa chuo kikuu, siku mwalimu alipoandika ubaoni kwamba kufuta diski kwa njia ile ya zamani hakufuti maandishi. Kunafuta orodha ya yaliyomo tu, kama kurarua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Kitabu chenyewe hubaki, na mwenye zana na subira anaweza kukisoma. Wenzangu waliandika wakaendelea. Mimi nilifunga daftari nikatoka nje. Wakati tunainamia mifereji ya Kadutu, majina yote yalikuwa bado ndani ya diski ile. Maji hayakuwa yamemwagika. Yalikuwa ndani ya mtungi, nasi tukauuza mtungi.

Nimehitimu sasa, na ninashughulika na kompyuta katika ofisi ambako ninafanya majaribio ya kazi. Diski siku hizi ni kubwa kiasi kwamba fiche zote za Papa zingekaa kwenye kona yake zisionekane, na kuongeza ya pili ni kazi ya robo saa. Mimi inanichukua asubuhi nzima. Naandika kwa kalamu juu ya kila diski, nasoma herufi, naondoka, narudi, nasoma tena. Wenzangu wananiita Mademoiselle D, na wakubwa wanalalamika kwamba nainua kidole katika kila mkutano. Nainua. Sijawahi tena kukishusha kwa sababu ya tabasamu la mtu.

Lakini kuna kimoja sikukisema. Papa amezeeka, macho yake yameingia ukungu, na bado anasema methali ile ya maji kila mambo yanapoharibika. Inamtuliza. Niliyoyajua chuoni sijamwambia, wala Riziki, ambaye ameolewa na anaishi ngazi chache chini ya nyumba yetu, na ambaye siku ya posa, familia ya bwana harusi ilipouliza jina la mama mzazi, alinitazama usoni kama alivyokuwa akinitazama umeme ukikatika. Maman akajibu kwa kutaja jina lake mwenyewe. Nilinyamaza ofisini nikiwa mtoto, nikanyamaza kwenye posa nikiwa mtu mzima, na sina tena Papa Directeur wa kumsingizia. Ndiyo maana nimeandika. Papa hasomi tena. Kila kilichochapishwa, gazeti au kitabu, hata hiki kikichapishwa, anasomewa kwa sauti kila jioni, na anayemsomea ni Riziki.